Cheche za Mlimani: Nyaraka za wanafunzi zilisalia wapi?

Mwezi Novemba mwaka 1970, amri ya serikali iliwafikia viongozi wa jumuiya moja ndogo ya wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jumuiya hiyo ilitakiwa ivunjwe, na jarida lake lisitoke tena. Ilijulikana kwa kifupi cha jina lake la Kiingereza, USARF, na maana yake ni umoja wa kimapinduzi wa Kiafrika wa wanafunzi wa chuo kikuu. Jarida liliitwa Cheche. Umoja ulikuwa na umri wa miaka mitatu, na jarida lilikuwa limetimiza mwaka mmoja tu.

Kampuni ikifilisika, huteuliwa mtu wa kushika vitabu vyake vya hesabu. Wizara ikiunganishwa na nyingine, majalada huhamishwa kwa orodha na sahihi. Jumuiya ya wanafunzi haina mrithi wa namna hiyo. Katibu wake humaliza masomo, hufunga godoro na vitabu, na huondoka na kile alichoweza kubeba. Mhazini naye huondoka mwaka unaofuata. Katika muda wa miaka mitatu au minne hakuna aliyebaki chuoni anayejua ufunguo wa kabati ulikuwa kwa nani, sembuse kilichokuwa ndani yake.

Hata hivyo, historia ya Mlimani haiwezi kuandikwa bila makaratasi hayo. Katika vyumba vya mihadhara vya chuo hicho, mwishoni mwa miaka ya 1960, walikaa vijana ambao baadaye waliongoza nchi, waliamuru majeshi, walifundisha vizazi au waliandika vitabu vinavyosomwa hadi leo. Walichokiamini wakiwa na umri wa miaka 22 au 23 kiliandikwa katika karatasi za bei rahisi, na karatasi hizo zilinusurika kwa njia ambazo hakuna aliyezipanga.

Chuo kilichozaliwa kabla ya Uhuru

Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwezi Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Tanganyika kupata uhuru wake. Hakikuwa na majengo yake. Kilianza katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika 15. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi, na mwaka 1964 kikahamia kilimani nje ya mji, mahali ambapo tangu hapo watu wamepaita Mlimani.

Kwa kuwa kitivo cha sheria kilikuwa Dar es Salaam peke yake, vijana wa Kenya na Uganda waliotaka kuwa mawakili walilazimika kwenda huko. Jambo hilo la kiutawala, ambalo kwa kawaida hutajwa kwa mstari mmoja tu, ndilo lililokifanya chuo kiwe cha Afrika Mashariki nzima. Mji wenyewe nao ulikuwa umejaa wageni wa aina nyingine. FRELIMO ilikuwa imeundwa Dar es Salaam mwezi Juni 1962. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake humo tangu mwaka 1963. Mwanafunzi aliyeshuka kutoka Mlimani kwenda mjini aliweza kukutana na mpigania uhuru wa Msumbiji, Afrika Kusini au Angola.

Lakini wanafunzi wa mwanzo hawakuwa wanamapinduzi. Tarehe 22 Oktoba 1966 waliandamana wakiwa wamevaa majoho yao mekundu, hadi Ikulu, kupinga sheria ya Jeshi la Kujenga Taifa. Sheria hiyo iliwataka wahitimu watumikie taifa kwa miaka miwili, na kwa miezi 18 kati ya hiyo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Bango mojawapo lilidai kwamba wakati wa ukoloni kulikuwa na nafuu. Rais Julius Nyerere aliwasikiliza, akawajibu kwa hasira, kisha akawafukuza 393 kutoka chuo hicho na vyuo vingine vya mji, wakarudishwa makwao. Siku hiyohiyo alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi mitatu baadaye lilikuja Azimio la Arusha.

Kelele za mwaka 1966 na Azimio la mwaka 1967 ndizo zilizoandaa uwanja. Chuo kililaumiwa kuwa kinalea mabwana wadogo. Kundi la wanafunzi likaamua kuwa lawama hiyo ilikuwa ya haki, tena haitoshi.

Jumapili za Mlimani

USARF ilianzishwa mwaka 1967. Mwenyekiti wake alikuwa mwanafunzi kutoka Ankole, Uganda, aliyeitwa Yoweri Museveni. Miongoni mwa Waganda wenzake chuoni walikuwa Eriya Kategaya na James Wapakhabulo. Baadaye alifika kijana kutoka Sudan Kusini aliyekuwa amemaliza shahada ya kwanza Marekani, John Garang. Wapo pia Watanzania ambao majina yao yatarudi hapa chini: Issa Shivji, Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji.

Shughuli kubwa ya umoja huo haikuwa maandamano, bali ilikuwa kusoma. Kila Jumapili wanachama walikutana kwa madarasa ya itikadi, wakijadili Marx, Lenin, Fanon na Nkrumah, vitabu ambavyo havikuwa katika mitaala ya vitivo vyao. Mhadhiri kijana wa historia kutoka Guyana, Walter Rodney, alikuwa karibu nao. Alifika mara ya kwanza mwaka 1966, akaenda Jamaica, akazuiwa na serikali ya huko kurudi kazini mwezi Oktoba 1968, kisha akarejea Dar es Salaam mwaka 1969 na kukaa hadi 1974. Hakuwa kiongozi wa USARF, kama inavyosemwa mara nyingine na watu wanaopenda kuona nyuma ya kila kijana Mwafrika mwalimu aliyemtuma. Wanafunzi walikuwa na umoja wao kabla hajarejea, na kabla hajarejea walikuwa wamekwisha kujitafutia ugomvi.

Mwaka 1968 Museveni na wenzake kadhaa walivuka mto Ruvuma na kuingia katika maeneo ya Msumbiji yaliyokuwa mikononi mwa FRELIMO. Aliporudi aliandika insha ya chuo juu ya nadharia ya Fanon kuhusu matumizi ya nguvu, akiipima kwa aliyoyaona huko. Insha hiyo ilichapishwa mwaka 1971 na Tanzania Publishing House katika mkusanyo juu ya ukombozi wa kusini mwa Afrika uliohaririwa na Nathan Shamuyarira. Huo ni mfano wa kwanza wa namna maandishi ya wanafunzi yalivyopona. Insha iliyobaki kwenye jalada la idara hupotea na idara, lakini iliyogeuzwa kitabu haiwezi kufutwa tena, hata mwandishi wake akibadilika kiasi gani.

Usiku wa matairi

Tukio linaloeleza zaidi tabia ya umoja huo lilitokea pia mwaka 1968, nalo lilihusu hisani. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Uingereza walikuwa na desturi ya siku moja kwa mwaka iitwayo Rag Day, ambapo huvaa matambara, hupanda malori na kuzunguka mjini kwa vituko, wakikusanya fedha za kuwasaidia wasiojiweza. Desturi hiyo ilikuwa imeletwa Afrika Mashariki pamoja na majoho na meza ya juu ya walimu. Mlimani nako ilifanyika.

USARF waliona katika siku hiyo dhihaka tupu. Mtoto wa mkulima, aliyesomeshwa kwa kodi ya mkulima, anavaa matambara kwa mzaha na kumwomba senti mfanyakazi ambaye matambara kwake si mzaha. Walipinga kwa maneno, na maneno hayakusikilizwa. Asubuhi ya siku yenyewe, malori yaliyokuwa yamekusanywa kwa ajili ya msafara yalikutwa hayana upepo katika matairi. Msafara ulivunjika, na Rag Day haikuota mizizi tena chuoni hapo.

Tukio hili linajulikana kwa sababu walioshiriki walilisimulia, tena miaka mingi baadaye. Shughuli ya namna hiyo haina kumbukumbu za kikao; hakuna katibu anayeandika katika daftari kwamba wajumbe waliazimia kutoa upepo. Hapo ndipo penye ugumu wa nyaraka za vijana. Yale waliyoyaandika ni maazimio na tamko, na yale waliyoyatenda yamo vichwani mwao.

Stensili, wino na gundi

Jarida la Cheche lilianza mwezi Novemba 1969. Jina lilitafsiri lile la gazeti la Lenin, Iskra, na pia lilikumbusha The Spark, gazeti lililotolewa Accra wakati wa Kwame Nkrumah. Hirji, mwanafunzi wa hisabati, alikuwa mhariri, na pamoja naye walikuwa Mapolu na Zakia Meghji. Makala zilipigwa taipu juu ya karatasi za stensili, zikarudufiwa kwa mashine ya kuzungushwa, kisha kurasa zikapangwa na kubanwa kwa pini.

Yeyote aliyewahi kushika chapisho la namna hiyo anajua linavyozeeka. Karatasi ni ya kufyonza wino, hivyo ni nyepesi na chafu. Pini hupata kutu na kuacha alama ya kahawia. Unyevu wa pwani ya Bahari ya Hindi huvimbisha kingo za kurasa, na mchwa hawabagui kati ya tangazo la mpira na uchambuzi wa matabaka.  Machapisho haya hayakutengenezwa yadumu. Yalitengenezwa yasomwe wiki hiyo, yabishaniwe bwenini na kupitishwa kwa mwingine.

Mwezi Septemba 1970 Cheche ilitoa toleo maalumu lenye makala moja ndefu ya Shivji, ambaye alikuwa ndiyo kwanza amemaliza shahada ya sheria. Makala hiyo iliitwa kwa Kiingereza Tanzania: The Silent Class Struggle, yaani mapambano ya kitabaka ya kimyakimya nchini Tanzania. Hoja yake ilikuwa nzito na haikuzungushwa. Kutaifisha mabenki na viwanda mwaka 1967, alisema, hakukuondoa unyonyaji. Makampuni ya nje yaliendelea kuvuna kwa mikataba ya uendeshaji na ushirika, na ndani ya nchi lilikuwa linachipuka tabaka la watendaji wa serikali na mashirika ya umma ambalo maslahi yake hayakuwa ya mkulima wala mfanyakazi.

Itakumbukwa kwamba hayo yaliandikwa si na mpinzani wa Ujamaa, bali na mtu aliyeutaka uende mbele zaidi. Serikali iliyozoea kupingwa kutoka kulia haikuwa na jibu la haraka kwa aliyeipinga kutoka kushoto. Dalili zilikuwapo tangu Desemba 1969, wakati The Nationalist, gazeti la TANU, lilipomkemea Rodney kwa tahariri kali kwa hotuba yake juu ya mapinduzi ya Afrika. Baada ya toleo maalumu la Septemba ilichukua wiki chache tu kabla ya amri ya Novemba.

Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili. Kwanza, Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa na tawi chuoni na ulitosha. Pili, jina la Cheche lilidokeza kwamba Tanzania inajenga ujamaa wa kuazima kutoka Urusi. Wahariri walijibu kwa namna ambayo mwandishi yeyote wa Kiswahili ataifurahia. Mwaka 1971, wakiwa sasa chini ya mwavuli wa Umoja wa Vijana, walianza jarida jingine, wakaliita MajiMaji, jina la vita vya 1905 hadi 1907. Hakuna ambaye angeweza kudai kwamba hilo limetoka Moscow.

Sweden, Atlanta na kwenye masanduku

Je, Cheche ilinusurika vipi? Jibu la kwanza ni kwamba ilisafiri. Wahadhiri wa kigeni walichukua nakala. Wanafunzi wa Uganda na Kenya walirudi nazo makwao. Makala ya Shivji ilichapishwa upya na jarida la Zenit katika mji wa Lund, Sweden, muda mfupi baada ya kutoka Dar es Salaam, na kwa miaka kadhaa wasomaji wengi wa Ulaya na Amerika waliijua kwa chapa hiyo ya Sweden. Mwaka 1973 Tanzania Publishing House iliitoa kama kitabu, pamoja na maoni ya wasomi wengine, akiwemo Rodney. Maneno yaliyokuwa yamepigwa marufuku katika jarida la wanafunzi yaliuzwa katika duka la vitabu la shirika la umma, mji uleule, miaka mitatu tu baadaye. Tanzania ya wakati ule ilikuwa na mambo kama hayo, na wanaoieleza kama nchi ya hofu tupu au ya uhuru mtupu hawaitendei haki.

Rodney aliuawa kwa bomu mjini Georgetown tarehe 13 Juni 1980. Nyaraka zake zimehifadhiwa Marekani, katika maktaba ya Robert W. Woodruff ya vyuo vya Atlanta, vyuo vilivyoasisiwa kwa ajili ya Wamarekani weusi. Mtafiti wa mwelekeo wa fikra za Mlimani katika miaka hiyo huenda Maktaba ya chuo chenyewe, kitengo cha East Africana, lakini hana budi kutazama pia upande wa pili wa Atlantiki.

Tofauti inaonekana wazi zaidi ukitazama kundi jingine la wanafunzi lililoacha alama Tanganyika. Mwaka 1961, wakati Rais John F. Kennedy ndiyo kwanza ameanzisha Peace Corps, wanafunzi wa Harvard na wa chuo cha wanawake cha Radcliffe walianzisha mpango wao wenyewe wa kujitolea kwenda kufundisha, wakauita Project Tanganyika. Mpango ulikuwa chini ya Phillips Brooks House, nyumba ya shughuli za kujitolea iliyofunguliwa Harvard mwaka 1900. Jumuiya hiyo ya Phillips Brooks haikuvunjwa na mtu. Ina ofisi, ina wakurugenzi, na kumbukumbu zake zimo katika hifadhi ya nyaraka ya Chuo Kikuu cha Harvard, zikiwa na namba na orodha. Gazeti la wanafunzi la huko, The Harvard Crimson, lililoandika habari za safari hizo, linasomeka lote hadi matoleo ya karne ya 19.

Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Vijana wa Kimarekani waliokaa Tanganyika kwa muda wa masomo machache wana mahali pa kuulizwa, na mjukuu wa mmoja wao anaweza kujaza fomu na kuletewa majalada mezani. Vijana wa Afrika Mashariki walioitikisa Mlimani kwa miaka mitatu hawakuwa na ofisi ambayo ingerithi majalada yao. Si suala la fedha peke yake, ingawa fedha ni sehemu kubwa ya jambo hili. Ni kwamba chuo cha Marekani kiliwaona wanafunzi wake wa kujitolea kuwa fahari, na nyaraka za fahari hutunzwa. Chuo cha Dar es Salaam kilikuwa na sababu ya kuwaona wanafunzi wake kuwa tatizo, na nyaraka za tatizo hubaki katika jalada la yule aliyelitatua.

Kitabu cha mwaka 2010

Mwaka 2010 kampuni ya Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ilichapisha kitabu cha Kiingereza juu ya Cheche, kilichohaririwa na Hirji, ambaye kwa wakati huo alikuwa profesa wa takwimu za tiba. Njia aliyopitia haikuwa nyoofu. Katikati ya miaka ya 1970, baada ya maandishi yake kuwaudhi wakubwa, aliondolewa chuoni na kupelekwa Sumbawanga kufanya kazi ya mipango. Baadaye alifundisha Marekani na Muhimbili. Katika kitabu hicho aliwakusanya wenzake wa zamani, kila mmoja akaeleza alichokumbuka. Zakia Meghji, ambaye alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa waziri wa fedha wa Tanzania, kati ya 2006 na 2008, ni mmoja wao. Shivji ni mwingine.

Kitabu hicho kina uzito wa ushahidi kwa sababu kilifanya kazi ambayo hifadhi ya nyaraka ingeifanya. Kilieleza nani aliandika nini, toleo lipi lilitoka lini, mashine ilipatikana wapi, na amri ilipokelewa vipi. Hirji alikuwa mtu wa takwimu na inaonekana. Hapendi kusema jambo bila kulihesabu. Hata hivyo, ni kumbukumbu za watu walio katika miaka ya sitini juu ya mambo ya miaka ya ishirini, na walioandika ni waliobaki hai na waliobaki marafiki. Museveni alikuwa amekwisha kusimulia upande wake katika kitabu chake cha mwaka 1997, akiwa Rais, na katika simulizi ya Rais ujana huwa ni maandalizi ya urais. Wapakhabulo alifariki mwaka 2004, Garang katika ajali ya helikopta mwaka 2005, Kategaya mwaka 2013.

Serikali za wanafunzi zilizorithiana

USARF ilikuwa ya wachache. Wanafunzi wengi zaidi waliwakilishwa na serikali yao ya jumla, DUSO, na hiyo nayo ilipita katika misukosuko. Mwezi Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo, ambao kifungu chake cha 15 kiliwakataza viongozi kuwa na majivuno na ubabe. Wafanyakazi viwandani walikisoma kifungu hicho na kukitumia. Wanafunzi nao walikisoma. Julai mwaka huohuo rais wa DUSO, Mkenya Symonds Akivaga, aliuandikia uongozi wa chuo, chini ya Makamu Mkuu Pius Msekwa, barua ya wazi yenye lawama kali. Akivaga alikamatwa chuoni na askari wenye silaha na kurudishwa Kenya, na wanafunzi wakagoma.

Mwezi Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena hadi mjini, safari hii kupinga nyongeza za marupurupu ya mawaziri na wabunge. Wapatao 350 walifukuzwa. DUSO ikavunjwa na nafasi yake ikachukuliwa na MUWATA, chombo kilichokuwa chini ya chama tawala, hadi mageuzi ya miaka ya 1990 yalipoleta DARUSO. Kwa mtunza nyaraka, kila badiliko la namna hiyo ni pengo. Chombo kipya hakikuwa na haja ya kuthibitisha kwamba kilitokana na kile cha zamani; mara nyingine kilikuwa na haja ya kuthibitisha kinyume chake. Mihuri ilibadilika, na vyumba vikapewa watu wengine. Daftari la mwaka 1977 likawa karatasi ya kuwashia jiko.

Mwezi Novemba 2018 chuo kilizindua maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja na uwezo wa kubeba vitabu 800,000. Nafasi ya rafu basi haiwezi tena kuwa sababu.

Upande usiosikika

Kuna jambo moja zaidi ambalo nyaraka hizi zinalileta, nalo halipendezi sana kwa wale wanaoienzi Cheche. Walioandika vizuri ndio wanaokumbukwa. Usiku wa matairi wa mwaka 1968 unasomwa kwa macho ya waliotoa upepo. Wale waliokodi malori, waliotafuta matambara, na ambao huenda kweli walitaka kumpelekea fedha mtu asiyejiweza, wametajwa kama kundi tu, na kwa kawaida kama vibaraka wa desturi za Kiingereza. Hawakuwa na jarida. Hawakuwa na nadharia ya kujitetea. Baadhi yao wamekuwa madaktari wa wilaya, mahakimu na walimu wakuu, watu ambao hawakualikwa kuchangia kitabu chochote.

Ndivyo ilivyo pia kwa waandamanaji wa 1966. Wanamapinduzi waliwadharau kama wabinafsi, na serikali iliwaadhibu kama wabinafsi, kwa hiyo pande mbili zilizogombana mwaka 1970 zinakubaliana juu yao. Wengi wao walikuwa wa kwanza katika ukoo wao kufika chuo kikuu, na mshahara wa mhitimu mmoja ulisubiriwa na wazazi, wadogo na ada za shule za kijiji kizima. Hoja hiyo ingeweza kujibiwa, lakini ilistahili kusikika. Maneno ya Nyerere ya alasiri ile Ikulu yamenukuliwa kwa urefu katika vitabu vya maisha yake, pamoja na hesabu aliyoipiga ya mshahara wake mwenyewe. Ya wanafunzi 393 yamebaki hasa yale yaliyoandikwa kwa rangi juu ya mabango, kwa herufi kubwa, ili yasomeke kwenye picha za magazeti ya siku iliyofuata.